Kalkoni inayogoma kugeuka fuwele: mwongozo kamili kwa wanaofanya kemia ogania Arusha na Moshi

Swali linalorudi kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho ni lilelile: "Nimefuata maelekezo yote, mbona nimepata mafuta ya njano chini ya bika badala ya unga?" Mara nyingi mafuta hayo ndiyo kalkoni yenyewe, yaani ile ketoni ya njano yenye pete mbili uliyokuwa unaitengeneza. Imechafuka kidogo au imepashwa moto kupita inavyostahili, basi inakataa kukaa sawa.

Mwongozo huu unatengeneza 4-methoksikalkoni kutoka asetofenoni na anisaldehaidi, unaisafisha, unaithibitisha, kisha unaonyesha namna ya kuchunguza mekanizimu ya mmenyuko wake (hatua ambazo molekuli hupitia) na kuiandaa kwa majaribio ya seli za saratani. Kalkoni zimechunguzwa sana kwa kazi hiyo kwa sababu ni molekuli ndogo, zinatengenezwa kwa hatua moja, na kubadili kikundi kimoja kwenye pete hubadili tabia yake yote. Ila tahadhari tangu mwanzo: hatua ya seli ndiyo watu wanaikimbilia, na hatua ya usafi ndiyo wanairuka. Huko ndiko miradi mingi inakofia.

## Vitu vya kuandaa

Kemikali:

- Asetofenoni, gramu 2.40 (milimoli 20, kama mililita 2.3)
- Anisaldehaidi, yaani 4-methoksibenzaldehaidi, gramu 2.72 (milimoli 20, kama mililita 2.4)
- Sodiamu haidroksaidi, gramu 1.0
- Maji yaliyokenekwa, mililita 10 kwa mmenyuko, na mengine 100 ya kuoshea
- Ethanoli ya asilimia 95, mililita 15 kwa mmenyuko, na kama 40 za kusafishia
- Asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mililita chache
- Heksani na ethili asetati kwa ajili ya TLC (kutenganisha vitu kwa kuviacha vipande na kiyeyushi kwenye kibamba cha silika)

Vifaa: chupa konikali ya mililita 100, mashine ya kukorogea yenye sumaku (fimbo ya kioo na mkono wenye subira vinatosha umeme ukikatika), kipimajoto, beseni la barafu, funeli ya Buchner na pampu ya kuvuta hewa, karatasi ya litimasi, vibamba vya silika vyenye alama ya F254, taa ya urujuanimno ya nanomita 254, kifaa cha kupimia kiwango cha kuyeyuka, na mizani inayosoma hadi gramu 0.01.

Kinga: miwani, glavu, koti. Sodiamu haidroksaidi ikiruka jichoni ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa kuwa inaendelea kupenya ndani hata baada ya maumivu kupungua. Osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kukatisha, kisha nenda hospitali. Kalkoni nayo huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo usiikamate kwa vidole vitupu eti kwa kuwa inafanana na unga wa manjano.

Neno moja kuhusu ethanoli. Spiriti ya dukani yenye rangi ya zambarau haifai: rangi inaingia kwenye fuwele na methanoli inavuruga kiasi kinachoyeyuka. Gongo la mtaani halifai kabisa, tusidanganyane.

## Hatua ya 1: Kagua chupa kabla ya kupima

Asetofenoni huganda kwenye nyuzi 19 hadi 20. Asubuhi ya Juni au Julai pale Arusha, maabara isiyo na kipasha joto huwa chini ya hapo, na chupa inakutwa imeganda nusu. Mwanafunzi anamimina ile sehemu iliyobaki kimiminika na kuendelea na kazi. Hilo ni kosa. Kitu kinapoganda, uchafu husukumwa nje ya fuwele na kujikusanya kwenye kimiminika, hivyo umechukua sehemu chafu zaidi ya chupa nzima. Weka chupa iliyofungwa kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 35 hadi yote iyeyuke, itikise, ndipo upime.

Anisaldehaidi ina ugonjwa mwingine. Ikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka asidi ya anisiki. Angalia shingo ya chupa na chini ya kifuniko: unga mweupe uliokauka hapo ndio asidi yenyewe. Asidi hiyo inakula sodiamu haidroksaidi yako, na aldehaidi uliyodhani ni milimoli 20 inakuwa pungufu. Asetofenoni inayobaki bila mwenza ndiyo baadaye inayofanya zao lilainike kama nta.

Dawa yake: changanya aldehaidi na ethili asetati mara kadhaa ya ujazo wake (bila hivyo inaweza kuzama chini ya maji), itikise kwenye funeli tenganishi pamoja na maji ya sodiamu kaboneti ya asilimia 5 (fungua mfuniko mara kwa mara, gesi inatoka), tenga tabaka la juu, likaushe kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, kisha vukiza kiyeyushi.

Dalili ya mafanikio: vimiminika viwili safi, visivyo na chembe, visivyo na rangi au vyenye njano hafifu.

## Hatua ya 2: Tengeneza mchanganyiko wa alikali

Yeyusha sodiamu haidroksaidi gramu 1.0 katika maji mililita 10. Maji yatapata moto, na ni kawaida. Subiri yapoe, ongeza ethanoli mililita 15, kisha weka chupa kwenye beseni la maji yenye vipande vichache vya barafu hadi kipimajoto kisome nyuzi 20.

Usiongeze sodiamu haidroksaidi kwa nia ya kuharakisha. Anisaldehaidi haina haidrojeni alfa (ile ya kaboni iliyo jirani na kabonili, yaani kaboni yenye bondi mbili na oksijeni), na aldehaidi za namna hiyo zikikutana na alikali kali huingia kwenye mmenyuko wa Cannizzaro: molekuli moja inakuwa alkoholi na nyingine chumvi ya asidi. Zote mbili hazikusaidii.

Maji ya bomba yasitumike hapa. Maji ya ukanda wa Meru yanafahamika kwa floridi nyingi, na mengi yana chumvi nyingine pia. Mmenyuko hautakufa kwa sababu hiyo, ila mabaki ya chumvi yatapandisha uzito wa zao lako na utaandika mavuno ya uongo bila kukusudia.

## Hatua ya 3: Mmenyuko

Mimina asetofenoni yote kwa mara moja, ukikoroga. Kisha dondosha anisaldehaidi kwa dakika 10, tone kwa tone, huku kipimajoto kikibaki kati ya nyuzi 20 na 25.

Kanuni ya zamani ya kalkoni, ambayo bado inashika, ni kutokwenda chini ya nyuzi 15 wala juu ya nyuzi 30. Chini ya hapo mmenyuko unajikokota. Juu ya hapo kalkoni iliyokwisha kutengenezwa inashambuliwa na asetofenoni nyingine kwa mmenyuko wa Michael na kutoa diketoni yenye uzito mkubwa. Hapo zao linanata. Kwa hiyo beseni la maji lina kazi mbili Arusha: mchana wa Februari linapoza, asubuhi ya Julai linapasha. Moshi, ambako joto ni kali zaidi, barafu inunuliwe kabla ya kuanza, isitafutwe wakati kipimajoto kimeshafika 33.

Endelea kukoroga. Mchanganyiko utakuwa wa njano, kisha utapata ukungu. Kikundi cha methoksi kinaisukumia elektroni kabonili ya aldehaidi na kuipunguzia njaa ya elektroni, hivyo mmenyuko huu ni wa polepole kuliko ule wa benzaldehaidi ya kawaida, na polepole zaidi kuliko wa 4-klorobenzaldehaidi. Upe saa mbili hadi tatu. Ukiona jirani yako anayetumia aldehaidi yenye kikundi cha nitro amepata mashapo ndani ya dakika chache, usiingiwe na wivu wala usiongeze alikali.

Baada ya nusu saa tia mbegu: chembe ndogo ya 4-methoksikalkoni safi iliyosagwa, ukubwa wa punje ya chumvi. Kama hakuna aliyewahi kuitengeneza maabarani kwenu, toa tone la mchanganyiko, liweke kwenye kioo cha saa juu ya barafu, ongeza tone la maji na ukwaruze kwa fimbo ya kioo hadi ligande. Hiyo ndiyo mbegu yako. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha aliyepata unga na aliyepata mafuta, na ndiyo isiyoandikwa kwenye karatasi nyingi za maelekezo.

Dalili ya mafanikio: uji mzito wa njano unaoikwamisha sumaku.

## Hatua ya 4: Fuatilia kwa TLC

Usiuguse mchanganyiko wa alikali moja kwa moja na kibamba, utapata mkia mrefu badala ya doa. Chukua matone mawili, yaweke kwenye kichupa chenye mililita nusu ya ethili asetati na mililita nusu ya asidi iliyozimuliwa, tikisa, na uchukue tabaka la juu.

Kwa penseli (si kalamu ya wino, wino unapanda na kiyeyushi) chora mstari wa kuanzia na utie madoa manne: asetofenoni, anisaldehaidi, mchanganyiko wako, na doa la nne ambalo ni mchanganyiko wako umewekwa juu ya anisaldehaidi. Hilo la nne ndilo hakimu. Kalkoni na vitu ilivyotokana navyo hupanda kwa urefu unaokaribiana, na macho hudanganya usipoviweka pamoja. Kiyeyushi ni heksani sehemu 4 kwa ethili asetati sehemu 1. Tazama chini ya taa ya nanomita 254. Bila taa, tumia chupa yenye chembe za iodini.

Doa la aldehaidi likishafifia kabisa, mmenyuko umekwisha. Likibaki baada ya saa nne, rudi Hatua ya 1, maana kuna kitu hakikuwa safi.

## Hatua ya 5: Chuja na uoshe

Weka chupa kwenye barafu kwa dakika 30, kisha chuja kwa Buchner. Osha kwa maji baridi mililita 10, rudia mara tano au sita, hadi maji yanayotoka yasibadili litimasi nyekundu. Malizia kwa ethanoli mililita 5 iliyopozwa kwenye barafu. Ethanoli ya joto la chumba itaondoka na zao lako.

Kuosha kusifanywe kwa haraka. Alikali iliyobaki kati ya chembe inaendelea na kazi yake wakati unapasha moto katika hatua inayofuata, na inarudisha kalkoni nyuma kuwa asetofenoni na aldehaidi. Mmenyuko huu una njia ya kwenda na ya kurudi.

Acha unga ukauke hewani usiku kucha juu ya karatasi ya chujio. Usiutie kwenye oveni ya nyuzi 105 pamoja na vyombo vya watu wengine. Kitu hiki kinayeyuka kwenye nyuzi 70 na kitu. Utakuta dimbwi la njano kwenye trei, na watakaokuja kuchukua bika zao hawatakushukuru.

## Hatua ya 6: Fuwele, na mahali ambapo mambo yanaharibika

Hapa ndipo penye kisa chote cha mafuta.

Kitabu kinasema "yeyusha katika ethanoli inayochemka". Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya bahari, na ethanoli huko huchemka kwenye nyuzi 74 hivi, si 78. Kiwango cha kuyeyuka cha 4-methoksikalkoni ni nyuzi 73 hadi 76, na kikiwa na uchafu kinashuka. Maana yake ni kwamba kwenye ethanoli inayochemka kalkoni yako tayari inataka kuwa kimiminika. Ukipoza, inajitenga kama matone ya mafuta kabla haijafika joto la kuganda. Matone hayo yanabeba uchafu wote ndani yake, kwa sababu uchafu huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye ethanoli. Unapata mafuta, unapasha tena, unapata mafuta tena.

Basi usichemshe. Fanya hivi:

1. Pima unga mkavu. Kwa kila gramu moja weka ethanoli ya asilimia 95 mililita 5.
2. Weka chupa kwenye maji ya nyuzi 60, mbali na moto wa wazi. Koroga. Kama haujayeyuka wote baada ya dakika tano, ongeza ethanoli mililita moja moja, ukingoja kidogo kila mara.
3. Chembe zisizoyeyuka hata baada ya kuongeza mililita tatu ni takataka au chumvi. Chuja haraka kwa pamba iliyolowekwa ethanoli ya moto.
4. Funika, zungushia chupa taulo, iache mezani ipoe yenyewe. Polepole.
5. Ikifika kama nyuzi 40, tia mbegu. Mbegu ikiyeyuka, subiri kidogo na utie nyingine. Ikibaki na kuanza kuota sindano pembeni, usiiguse tena.
6. Baada ya saa moja hamishia kwenye barafu kwa dakika 30. Chuja, osha kwa ethanoli ya barafu mililita 3, kausha hewani.

Matone ya mafuta yakitokea hata hivyo: rudisha kwenye nyuzi 60, ongeza ethanoli mililita 2, poza polepole zaidi na utie mbegu mapema. Usiongeze maji. Kila mtu anapenda kuongeza maji, na kwa kalkoni maji ndiyo yanayoleta mafuta.

Wanaotengeneza kalkoni ya kawaida isiyo na methoksi wawe waangalifu mara mbili, kwani yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 55 hadi 57. Kwao joto la kuyeyushia lisizidi nyuzi 50.

Dalili ya mafanikio: sindano au vibapa vya njano hafifu, gramu 3.6 hadi 4.0. Kikomo cha hesabu ni gramu 4.77, ukipata zaidi ya hapo una maji au chumvi, hujavunja rekodi.

## Hatua ya 7: Thibitisha

Kiwango cha kuyeyuka kwanza. Kinapaswa kuanza na kwisha ndani ya nyuzi mbili, mahali fulani kati ya 73 na 76. Kikianza kwenye 62 na kwisha kwenye 70, kausha siku moja zaidi na upime tena. Kisipobadilika, rudia Hatua ya 6.

Mionzi infraredi: kabonili ya asetofenoni hutokea karibu na 1685 kwa sentimita, ya kalkoni hushuka hadi karibu 1660 kwa sababu imeungana na mnyororo wa bondi mbilimbili. Vilele viwili vidogo kati ya 2700 na 2850 vikionekana wazi, bado una aldehaidi.

NMR ya haidrojeni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila haidrojeni imekaa wapi), kama una pa kupeleka sampuli ya miligramu 10: methoksi inakaa karibu ppm 3.86, na haidrojeni mbili zilizo kwenye bondi maradufu ya kaboni zinatokea kama vilele vya mistari miwili miwili karibu 7.4 na 7.8, vyenye umbali wa hezi 15 hadi 16 kati ya mistari yake. Umbali huo ndio ushahidi kwamba umepata umbo la trans, ambamo vipande viwili vikubwa vya molekuli vimekaa pande tofauti za bondi hiyo; vikikaa upande mmoja ni cis. Hesabu ya haidrojeni zote iwe 14.

Hifadhi kwenye chupa ya kahawia. Ikiwa imeyeyushwa na kuachwa juani, sehemu yake hugeuka umbo la cis.

## Hatua ya 8: Kuchunguza mekanizimu

Sasa una kitu safi, unaweza kuuliza mmenyuko unapitaje. Kwenye karatasi njia ni hii: haidroksaidi inanyofoa haidrojeni alfa ya asetofenoni na kuacha enoleti, enoleti inashambulia kabonili ya aldehaidi, inapatikana aldoli, yaani ketoni yenye haidroksili, alikali inanyofoa haidrojeni ya pili, mwisho haidroksaidi inaondoka na bondi mbili inafungwa. Hatua ipi ni ya polepole?

Wengi hujibu "kutengenezwa kwa enoleti" kwa sababu inakuja kwanza. Jaribio rahisi linaonyesha kwamba jibu hilo halisimami.

Andaa mchanganyiko wa mililita 50 kwenye nyuzi 25, ethanoli sehemu 4 kwa maji sehemu 1, wenye anisaldehaidi miligramu 34, asetofenoni miligramu 300, na sodiamu haidroksaidi ya moli 1 kwa lita, mililita 5 (maji ya alikali hii yahesabiwe kwenye ile sehemu moja ya maji). Asetofenoni iko mara kumi ya aldehaidi, hivyo haibadiliki sana wakati aldehaidi inakwisha.

Kila dakika 10 mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, chota mililita 0.1 na uitie kwenye ethanoli mililita 9.9 yenye tone la asidi iliyozimuliwa. Asidi inasimamisha mmenyuko papo hapo. Soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 340, ambako kalkoni hii inafyonza kwa nguvu na aldehaidi haifyonzi karibu chochote. Pima pia mchanganyiko wa kalkoni yako safi wa moli 0.00005 kwa lita. Usomaji huo ndio kilele ambacho mmenyuko ungefika.

Chora logi asilia ya (kilele toa usomaji) dhidi ya muda. Mstari ulionyooka unaonyesha kwamba kasi inategemea kiasi cha aldehaidi. Kama kutengenezwa kwa enoleti kungekuwa ndiyo foleni, aldehaidi ingekuwa abiria anayesubiri tu, na kuongeza au kupunguza abiria hakungebadili mwendo wa basi. Kisha punguza alikali kwa nusu na urudie, punguza asetofenoni kwa nusu na urudie.

Mambo mawili ya kuangalia. Mchanganyiko ukipata ukungu, tupa, kwa kuwa kalkoni imejitenga na usomaji haufai tena. Mstari ukipinda mwanzoni tu, aldoli inajikusanya kabla ya kupoteza maji, na hiyo ni habari, si kosa.

Ila usiandike zaidi ya ulichoona. Vipimo hivi vinaondoa uwezekano kwamba kutengenezwa kwa enoleti ndiyo foleni, lakini haviwezi kutenganisha shambulio la enoleti na kuondoka kwa haidroksaidi mwishoni, kwa sababu zote mbili zinatoa kanuni ileile ya kasi. Kuzitenganisha kulihitaji isotopu. Mwaka 2016 Charles Perrin na Kuei-Lin Chang wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipima kalkoni ya benzaldehaidi na asetofenoni na kukuta mmenyuko unakwenda kasi kidogo zaidi kwenye maji mazito (yenye isotopu nzito ya haidrojeni) kuliko maji ya kawaida, na aldoli inarudi nyuma kwa kasi kuliko inavyosonga mbele. Hitimisho lao: foleni iko kwenye hatua ya mwisho, haidroksaidi inapoondoka.

## Hatua ya 9: Kabla ya kutaja saratani

Neno "dawa" lisiingie kwenye ripoti yako. Jiki nayo inaua seli za saratani kwenye bakuli. Swali la maana ni kama kitu kinaua seli hizo kwa kiasi ambacho hakiziui seli zenye afya, na kwa njia inayoeleweka.

Kalkoni ina mtego wake. Bondi mbili iliyo jirani na kabonili hupokea salfa za sisteini (asidi amino yenye salfa iliyomo kwenye protini) kwa mmenyuko uleule wa Michael uliokusumbua Hatua ya 3. Inaweza kushika protini unayoilenga, na inaweza kushika protini yoyote inayopita. Tabia hii si dhambi yenyewe: ibrutinibu na afatinibu, dawa za saratani zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hufanya kazi kwa kushika sisteini. Tofauti ni kwamba sehemu nyingine ya molekuli hizo inaziongoza hadi kwenye sisteini moja mahususi, na kishikio chao ni kipole kuliko cha kalkoni.

Pima ukali huo mapema. Changanya kalkoni ya moli 0.00005 kwa lita na glutathioni (molekuli ndogo ya mwilini yenye sisteini) mara ishirini yake, katika bafa ya fosfeti ya pH 7.4 yenye ethanoli ya kutosha kuiyeyusha, na ufuatilie nanomita 340 kwa saa moja. Usomaji ukianguka, salfa imeingia kwenye bondi mbili. Weka pia chupa isiyo na glutathioni, maana kalkoni ikijitenga na kuzama usomaji nao unaanguka, na utadhani umegundua kitu.

Kwa maabara isiyo na seli hai, jaribio la vifaranga vya kamba wa Artemia linatosha kupanga sampuli. Yeyusha chumvi ya bahari gramu 38 kwa lita (si ya mezani yenye iodini), angua mayai kwa saa 24 hadi 48 penye mwanga, weka vifaranga 10 kwa kila kichupa, vichupa vitatu kwa kila kipimo, hesabu walio hai baada ya saa 24. Hii inakueleza sumu kwa jumla. Haikuelezi saratani.

Ukipata nafasi ya kutumia seli, peleka sampuli ikiwa hivi:

- Miligramu 10 zilizokauka, na karatasi ya kiwango cha kuyeyuka, infraredi na NMR. Usafi wa asilimia 95 au zaidi.
- Iyeyushwe katika DMSO (kiyeyushi kinachochanganyika na maji) kwa milimoli 10 kwa lita, igawanywe kwenye vichupa vidogo. DMSO huganda kwenye nyuzi 18.5, kwa hiyo hadithi ya asetofenoni inajirudia: iyeyushe yote na uitikise kabla ya kuchota, la sivyo kipimo chako cha kwanza kitakuwa tofauti na cha mwisho.
- DMSO kwenye seli isizidi asilimia 0.5, na visima (vishimo vya sahani ya seli) vyenye DMSO peke yake viwepo.
- Mstari wa seli zisizo za saratani upimwe sambamba, na doksorubisini, dawa ya saratani inayojulikana, iwe kipimo cha kulinganishia.
- Kwa jaribio la MTT (rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau), weka visima vyenye kalkoni na MTT bila seli hata moja. Baadhi ya molekuli hubadili rangi ya MTT zenyewe, na kisima chenye maiti kikasomeka kama kina uhai.

Masalia yote ya kazi hii, ethanoli ya kuoshea ikiwemo, yaingie kwenye chupa ya taka za ogania yenye lebo na tarehe. Za vikundi vya kloro ziwekwe chupa ya peke yake. Maji ya alikali yasawazishwe kwa asidi hadi litimasi itulie, ndipo yamwagwe.